Valvu Imara au Valvu Orijino? Mwongozo Kamili kwa Anayefumua Injini ya Turbo Mwanza

Swali la valvu huja wakati mbaya. Injini imekwisha kufumuliwa, hedi zimelala juu ya benchi, fundi anataka jibu kabla ya jioni ili spea zipakiwe kwenye basi la usiku kutoka Dar es Salaam, na mwenye gari, ambaye alikuja akiwa amejiandaa kununua ringi na gasketi tu, anaambiwa kwamba injini ya turbo haifai kufungwa tena bila "valvu za nguvu". Wengi hukubali kwa hofu, na wengine hukataa kwa sababu ya bei. Majibu yote mawili hutolewa bila kipimo chochote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Injini nyingi za turbo zinazofumuliwa katika gereji za Nyakato, Mabatini na Igoma hazihitaji valvu za aina ya pekee. Zinahitaji valvu mpya za moshi zenye ubora wa orijino, viti (pete za chuma ambazo valvu hutua juu yake ikifunga) vilivyokatwa sawasawa na bushi (mirija inayoongoza shina la valvu) zisizocheza. Zipo chache ambazo kweli zinahitaji valvu za madini bora zaidi, na hizo hutambulika kwa kupima. Nitatumia zaidi mfano wa Subaru Forester na Impreza zenye injini ya EJ20 ya turbo, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu kwa mikono yangu, ila hatua zenyewe zinafaa pia kwa injini nyingine za petroli zenye turbo. Wenye dizeli nitawagusa kwa ufupi.

Kwanza elewa kinachoiua valvu

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Valvu ya hewa hupata nafuu, kwa sababu hewa mbichi huipoza kila inapopita. Valvu ya moshi haina bahati hiyo: katika injini ya petroli yenye turbo inayokamuliwa, moshi unaweza kuzidi nyuzijoto 900 za Selsiasi, na kichwa cha valvu chenyewe kikafika kati ya nyuzi 700 na 800. Joto hilo lina njia mbili za kutokea. Kubwa zaidi, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kubeba robo tatu ya joto lote, ni pale uso wa valvu unapogusana na kiti chake wakati imefunga. Ndogo ni kupitia shina linaloteleza ndani ya bushi. Kiti kikiwa kimechakaa au kimepinda kidogo, au bushi ikiwa imepanuka kiasi kwamba valvu haitui mahali pamoja kila mara, njia zote mbili huziba, na hakuna chuma cha bei yoyote kitakachodumu hapo.

Kwa sababu hiyo, anayenunua valvu za gharama kubwa na kuzikalisha kwenye viti vya zamani amenunua muda tu.

Kuna jambo la mahali tulipo ambalo watu hulisahau. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa Mwanza ni karibu bar 0.88, wakati Dar es Salaam ni takribani bar 1.01. Turbo inayotakiwa kufikisha presha kamili (yaani ikihesabiwa pamoja na presha ya hewa ya kawaida) ya bar 1.81 kwenye manifoldi huizidisha hewa ya Dar es Salaam mara 1.8 hivi, lakini hapa italazimika kuizidisha mara 2.06. Itazunguka kwa kasi zaidi, hewa itatoka ikiwa ya moto zaidi, na moshi utasongamana zaidi kati ya hedi na turbo. Hali hiyo huikuta injini ambayo kompyuta yake inafuatilia presha kamili. Ikiwa turbo yako inadhibitiwa na springi peke yake bila kompyuta kuingilia, gari litapungua nguvu kidogo na valvu hazitabeba mzigo wa ziada. Jua gari lako liko upande upi kabla ya kulinganisha injini yako na ya rafiki aliyeko Pwani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kufumua

Gari likiwa bado linawaka, pima mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Hapa pia mwinuko unaingia: injini ambayo ingesoma bar 12 kando ya bahari itasoma karibu bar 10.4 Mwanza ikiwa na afya ileile. Nimeshuhudia injini nzima ikihukumiwa kifo kwa sababu fundi aliisoma geji kwa kufuata kitabu bila kufanya hesabu hiyo. La muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine.

Kisha fanya kipimo cha kuvuja: ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefunga, halafu sikiliza. Mlio ukitokea kwenye ekzosi, valvu ya moshi inavuja. Ukitokea upande wa chujio la hewa, ni valvu ya hewa. Ukitokea kwenye mfuniko wa oili, tatizo ni ringi. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina hitilafu. Andika majibu ya kila silinda kwenye karatasi, kwa kuwa utayahitaji valvu zitakapokuwa mezani.

Hatua ya pili: zisome valvu zenyewe

Chukua boksi gumu, litoboe matundu kwa idadi ya valvu, andika namba ya silinda na upande, kisha chomeka kila valvu mahali pake zinapotoka. Valvu zikishachanganywa kwenye ndoo ya petroli, ushahidi wote umepotea, na fundi asiyekubali kufanya kazi hii ya dakika kumi hafai kukabidhiwa injini ya turbo.

Tazama rangi kwanza. Kichwa cha valvu ya moshi chenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu iliyoenea sawasawa kinaonyesha kwamba joto lilikuwa la wastani. Rangi iliyo nyepesi upande mmoja wa ukingo inaonyesha mahali ambapo gesi ilikuwa inapenya, na palipopenya ndipo pengo lenye umbo la kipande cha pai hukatika baadaye. Kichwa kilichojikunja kama kikombe kinasema kwamba chuma kililainika kwa joto huku springi ikikivuta. Vishimo vidogo kwenye uso vikiwa vingi, mara nyingi ni masizi yaliyobanwa kati ya valvu na kiti.

Baada ya macho, tumia maikromita. Pima shina juu, katikati na chini. Tofauti ikifika sehemu 5 za mia za milimita, iweke kando. Pima unene wa ukingo wa kichwa. Kwa injini nyingi, ukishuka chini ya milimita 0.8 valvu hiyo haifai tena kusagwa, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kagua mfereji wa juu unaoshikwa na vile vifungo viwili vidogo vya kofia ya springi, maana valvu inayokatika hapo hudondoka ndani ya silinda na kuivuruga injini yote.

Usisahau sumaku. Valvu ya moshi ambayo sumaku inalishika shina lakini hailishiki kichwa imeungwa kwa vyuma viwili, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kutoka kiwandani, si dalili ya bidhaa bandia. Tahadhari moja ni ya usalama: injini kadhaa za Kijapani za mwendo mkali, kama RB26 ya Nissan na 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution, zimetoka na valvu za moshi zenye shina lenye uwazi uliojazwa sodiamu kiasi. Sodiamu huyeyuka kwa nyuzi 98, ikawa inachapachapa ndani na kubeba joto kutoka kichwani hadi kwenye shina. Valvu hizo zisikatwe, zisichomelewe, wala zisitupwe kwenye vyuma chakavu bila kumwambia anayezichukua, kwa sababu sodiamu ikikutana na maji hulipuka.

Hatua ya tatu: bushi na viti

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Nafasi kati ya shina na bushi kwa valvu ya moshi yenye shina la milimita 6 kwa kawaida huwa kati ya sehemu 4 na 7 za mia za milimita. Ikizidi sana, valvu hutikisika, hutua kombo na kunywa oili. Ikiwa ndogo mno, hukwama, na hilo nililijifunza kwa fedha yangu. Forester yangu ya kwanza niliinunulia valvu 16 za chuma cha pua, nikaipeleka karakana ya kukereza, nikamwambia fundi asiguse bushi kwa kuwa zilionekana nzuri. Sikujua kwamba chuma kile hupanuka zaidi kinapopata joto kuliko chuma cha mashina ya kwanza: shina la milimita 6 likipata joto la ziada la nyuzi 400 hunenepa kwa takribani sehemu 4 za mia za milimita, wakati chuma cha kawaida cha shina kingenenepa kwa karibu sehemu 3. Sehemu hiyo moja ya mia ndiyo niliyokuwa sina. Wiki ya tatu, nikipanda kuelekea Usagara, valvu moja ya moshi ya silinda ya tatu ilikwama ikiwa wazi na pistoni ikaigonga. Kosa halikuwa la valvu, wala la mkerezaji. Nilibadilisha chuma bila kubadilisha nafasi ambayo chuma hicho kinaihitaji.

Basi, pima kila bushi kwa geji ya ndani, juu na chini, na ukibadilisha aina ya valvu mwulize anayeuza ni nafasi gani inayotakiwa. Bushi zikibadilishwa, viti vikatwe baada yake na si kabla, kwa kuwa kifaa cha kukatia kiti hujiongoza kwa kutumia bushi. Mkato wa kawaida una pembe tatu: nyuzi 45 ndizo zinazokutana na uso wa valvu, na pembe mbili za juu na chini husaidia kuweka upana na mahali pa mguso. Kwa valvu ya hewa, upana wa milimita 1.0 hadi 1.3 unatosha, kwa valvu ya moshi ya injini ya turbo mimi hupendelea milimita 1.5 hivi, kwani kiti chembamba sana hupitisha hewa vizuri lakini hakipitishi joto. Wapenda mashindano watabishana nami, nao wana haki, lakini injini zao hufumuliwa kila msimu.

Hakiki kazi kwa rangi ya buluu ya kupimia: paka uso wa valvu, ikalishe, iinue, tazama kama mduara haukukatika mahali popote. Baadaye funga valvu na springi zake, geuza hedi, jaza mafuta ya taa kwenye matundu ya kupitishia hewa na moshi, na usubiri dakika kadhaa. Yakichuruzika, kazi irudiwe.

Hatua ya nne: andika gari litafanya kazi gani

Kabla ya kutaja chuma chochote, jibu maswali haya kwa maandishi, kwa sababu mdomo hupenda kutia chumvi. Presha ya turbo itabaki ya kiwandani au itaongezwa, na kwa kiasi gani? Mwisho wa mizunguko utabaki palepale? Gari linakwenda kazini Kenyatta Road na kurudi Nyegezi, au linavuka Daraja la Kigongo–Busisi kila wiki likiwa limepakia na kukimbizwa hadi Geita? Kuna geji ya joto la moshi, au hakuna anayejua joto hilo?

Ikiwa presha na mizunguko vinabaki vya kiwandani, na valvu za zamani zimeonyesha joto la wastani, nunua valvu mpya za moshi zenye ubora wa orijino. Valvu za hewa zilizopita vipimo zirudishwe. Kwa injini ya mtumba ambayo hujui ilikimbizwa vipi huko ilikotoka, mimi hubadilisha valvu zote za moshi hata zikionekana safi, kwa kuwa uchovu wa chuma hauonekani kwa macho.

Ikiwa presha inaongezwa, au rangi na umbo la valvu za zamani vimeonyesha kwamba joto lilipita kiasi hata baada ya sababu nyingine kuondolewa, hapo valvu za moshi za chuma cha pua chenye alama 21-4N, kikiwa cha kipande kimoja, ni hatua ya busara. Valvu nyingi za orijino za moshi vichwa vyake ni vya chuma cha jamii hiyohiyo, kwa hiyo mwulize muuzaji unaongezewa nini hasa: ni ukingo mnene zaidi, shina lililopakwa kromu, ncha iliyoimarishwa, au jina tu juu ya boksi?

Inconel ni ngazi inayofuata. Ni aloi yenye nikeli nyingi, inayoshikilia nguvu yake kwenye joto ambalo chuma cha pua huanza kulegea, na nafasi yake ni upande wa moshi peke yake, katika injini inayokaa kwenye presha kubwa kwa muda mrefu. Kwa valvu za hewa ni hasara tupu. Titani ni nyepesi, uzito wake ukizidi kidogo tu nusu ya ule wa vyuma hivi, nayo hutafutwa na wanaozungusha injini kwa kasi kubwa mno. Inataka viti vya aina yake na uangalizi wa mara kwa mara, kwa hiyo iache. Kuongeza kipenyo cha valvu nako sikushauri kwenye injini ya turbo ya barabarani, kwani turbo hulipa upungufu wa hewa kwa bei nafuu zaidi kuliko kukata viti vikubwa na kupunguza chuma kati ya valvu mbili, mahali ambapo hedi hupenda kupasuka.

Ipo hoja moja ya haki upande wa wanaosema "weka nzuri kabisa". EJ20 ina hedi mbili, na kuzitoa ni karibu sawa na kuitoa injini nzima. Ukijua kwamba mwakani utaongeza presha, tofauti ya bei ya valvu 8 za moshi ni ndogo kuliko gharama ya kuishusha injini mara ya pili. Lakini uwe unajua, si unaota.

Wenye dizeli, kama Toyota 1KD na 1HD-T: moshi wa injini hizo kwa kawaida ni wa joto la chini kuliko wa petroli. Shughulikieni viti, bushi, sili za valvu na nozeli zinazodondosha mafuta, na wekeni valvu za orijino.

Hatua ya tano: springi

Mara nyingi kinachohitaji kuimarishwa ni springi, na valvu ndiyo inayolaumiwa. Valvu ya moshi ya EJ20 ya turbo ina kipenyo cha milimita 32, sawa na eneo la takribani sentimita 8 za mraba. Wakati pistoni inavuta hewa, presha ya moshi uliosongamana nyuma ya valvu hiyo ikizidi presha ya ndani ya silinda kwa bar 1, valvu husukumwa ifunguke kwa nguvu ya uzito wa kilo 8 hivi. Springi iliyochoka itashindwa na valvu itarukaruka kwenye kiti, jambo linaloikata kama nyundo.

Pima urefu wa springi ikiwa huru na unyoofu wake dhidi ya pembemraba. Nguvu yake unaweza kuipima bila kifaa cha gharama: weka springi juu ya mizani ya kilo 100, kama zile zinazopimia dagaa Mwaloni Kirumba, ikandamize kwa mashine ya kutobolea iliyozimwa hadi urefu inaokaa ndani ya hedi, kisha soma mizani. Linganisha na kitabu, na zaidi linganisha zenyewe kwa zenyewe. Usiweke springi ngumu kupita kiasi, hula kemshafti, ile shafti inayosukuma valvu zifunguke.

Hatua ya sita: kununua na kufunga

Nenda dukani na valvu yako ya zamani na venia. Linganisha urefu, kipenyo cha kichwa, unene wa shina na umbo la mfereji wa juu, kwenye kila valvu na si moja ya mfano. Agiza pamoja na sili mpya. Kama injini yako hurekebishwa nafasi za valvu (uwazi kati ya kemshafti na valvu) kwa vikombe vya unene tofauti, weka akiba ya fedha ya vikombe hivyo, kwa sababu kila kiti kinapokatwa valvu huinuka kuelekea kemshafti na nafasi hupungua.

Valvu zilizopakwa utando maalumu usoni zisisagwe kwa dawa ya kusagia. Utando utaondoka kabla gari halijawaka. Ikiwa umebadilisha valvu, kemshafti au umechonga hedi, bandika kipande cha udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha injini kwa mkono mara mbili kamili, kisha kata udongo na upime unene. Milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi ndicho kiasi cha chini ninachokubali. Mkanda wa taimingi uwe mpya, maana kwenye EJ20 ya turbo mkanda ukikatika pistoni na valvu hukutana.

Hatua ya saba: baada ya kuwasha

Kilichounguza valvu za kwanza kisipoondolewa kitaunguza na za pili. Pima presha ya mafuta na usafi wa nozeli, kagua kama moto wa plagi haucheleweshwi, na hakikisha hakuna ufa kwenye manifoldi ya ekzosi unaoingiza hewa na kuidanganya sensa ya oksijeni. Kama umeongeza presha, funga geji ya joto la moshi kabla ya turbo. Safari ya kupanda Sekenke ukiwa umepakia itakuonyesha ukweli ambao barabara za tambarare haziuonyeshi, na usomaji ukikaribia nyuzi 900 legeza mguu na umrudie anayepanga kompyuta.

Baada ya kilomita 1,000 fungua mifuniko ya kemshafti, injini ikiwa ya baridi, upime tena nafasi za valvu zote na kuziandika kando ya zile za siku ya kufunga. Mabadiliko madogo yanayofanana kwa valvu zote ni ya kutulia. Nafasi ya valvu moja ya moshi ikiwa imepungua peke yake, ama inazama kwenye kiti ama shina lake linarefuka. Irudiwe kupimwa kilomita 1,000 nyingine, na ikiendelea kupungua, hedi ya upande huo ishuke kabla pengo halijakatika kwenye ukingo.